Nchi Isiyo na Barabara ya Kufika Koboko

Wajukuu zangu, mmeniudhi. Mmenialika Arua nije kuona nyumba yenu ya hadithi, mkanikalisha kwenye kiti kizuri, mkanipa soda baridi, kisha mkanionyesha rafu ndefu yenye neno moja tu: FANTASIA. Humo mmechanganya joka, mchawi wa mtaani, meli ya mvuke inayoruka angani na roboti anayefua nguo. Vitabu vimo, filamu za kwenye flashi zimo, vyote vimelaliana kama viatu mlangoni pa msiba. Nilitaka kuinuka niende zangu Pajulu kwenye mihogo yangu, lakini soda ilikuwa haijaisha.

Sasa mmeniomba niandike jinsi sisi tulivyokuwa tunapanga. Haya. Sitaandika kama mwalimu, kwa sababu mwalimu sikuwa. Nilikuwa mtunza kanda katika vibanda vya video, kwanza hapa Arua, kisha Koboko, mpaka kanda zikafa, zikaja sahani za DVD, nazo zikafa, nami nikaona nisisubiri zamu yangu, nikastaafu. Wengine bado wananiita Mama Kanda. Nikilisikia jina hilo sokoni, hata kama anayeita ana mvi, huwa nageuka haraka kama msichana.

Aliyenifundisha kazi ni Sajini. Ninyi hamkumwona, na hilo nalo linanisikitisha. Alikuwa ametoka jeshini zamani, na hakuna aliyejua kama kweli alifika cheo hicho au alijipandisha mwenyewe njiani akirudi nyumbani. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya televisheni na kipaza sauti, filamu inasema lugha yake huko, na yeye anatutafsiria papo hapo kwa Kiswahili cha kambini, akitia Kilugbara kidogo na Kikakwa kidogo kama mtu anayetia chumvi. Mfalme akilia, Sajini analia. Farasi akikohoa, Sajini anakohoa. Watu walikuwa hawaulizi leo kuna filamu gani, walikuwa wanauliza kama Sajini yupo.

Mimi aliniita Stokipa. Siku yangu ya kwanza alinikuta nimepanga kanda kwa picha za kwenye maganda, zenye watu wengi mbele, zenye mtu mmoja nyuma. Akazitazama kwa muda, akavua kofia.

"Stokipa," akasema, "kwa stoo ya jeshi, risasi na sabuni hapana lala pamoja. Mutu anakuja hapa na hamu yake. Anataka kucheka, wewe napatia yeye damu. Anataka damu, wewe napatia yeye malkia anaimba. Atakasirika, atavunja kiti, na kiti iko ya mimi."

Ndipo tukaanza kubandika vipande vya kitenge kwenye migongo ya kanda, maana wateja wengi hawakuwa wasomaji na wachache waliokuwa wasomaji walikuwa wavivu. Rangi ya samawati kwa aina hii, nyekundu kwa aina ile, yenye maua kwa ile nyingine. Fundi cherehani wa jirani alitupa mabaki bure, kwa sharti kwamba aingie bila kulipa kila filamu yenye mapanga. Alikuwa mtu mpole sana, hata kuku alikuwa anamwomba mkewe amchinjie, lakini kwenye mapanga alikuwa hakosi.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mnapokosea. Ninyi mnadhani kila penye uchawi ni hadithi ya njozi, basi imekwisha. Sajini alinifundisha kutomtazama mchawi. Mchawi ni yule yule kila mahali, ana ndevu au ana fimbo au ana vyote viwili. Tazama watu wa kawaida waliokaa pembeni. Uchawi ukitokea, wao wanafanya nini? Kama joka linapita juu ya paa na mama anaendelea kugeuza ugali wake, hapo ujue tuko nchi nyingine kabisa, yenye jua lake na ramani yake, ambako joka ni kama mvua tu. Sajini aliiita nchi isiyo na barabara, kwa sababu hata ukipanda lori lolote mpakani Vurra, hata umhonge dereva, hutafika. Kama watu wanakimbia na kupiga simu polisi, basi uchawi umeingia mjini kwetu, mji wa benki na taa za barabarani, na hiyo ni aina nyingine, iwekewe kitambaa kingine. Na kama kila mtu anasema hakuna kitu, ni upepo tu, huku muziki unapungua pole pole, toa watoto nje.

Kipimo hicho nimekitumia maisha yangu yote ya kazi na hakijanitupa. Kitumieni kwa vitabu pia. Fungueni popote katikati, tafuteni mtu asiye na jina, mwone anaogopa nini.

Mapanga nayo si aina moja. Yule fundi cherehani alinifundisha hili bila kujua. Tulimwonyesha filamu kubwa ya mapanga, majeshi yamejaa bonde zima, wafalme wanahutubia, ulimwengu wote utaingia gizani kama pete fulani ya chuma haikuvunjwa. Akatoka kabla haijaisha. Nikamuuliza kulikoni.

"Hii watu wako wengi sana," akasema. "Mimi napenda ile ya mutu moja. Iko na njaa, iko na panga, anaingia kwa nyumba ya mchawi kuiba dhahabu, anatoka mbio. Kwisha."

Alikuwa sahihi. Uliza shujaa akishindwa nani anakufa. Kama ni dunia yote, hiyo ni ya wafalme na inahitaji subira na karanga nyingi. Kama ni yeye peke yake na pengine punda wake, hiyo ni ya msafiri mwenye upanga, na mteja wake ni fundi cherehani. Ukizipanga pamoja utawakosa wote wawili.

Halafu kuna zile za mlango. Hizi nilizipenda kuliko zote, nisiwafiche. Dereva mmoja wa malori kutoka Congo alikuwa akivuka Vurra kila mara na mbao, na kila akilala Arua anakuja kibandani mchana kutafuta kanda moja aliyoiona utotoni na hakujua jina lake.

"Mama, miye natafuta ile ya mutoto," ananiambia. "Anaanguka mu kisima ya babu yake, anatokea mu muji ya batu wanatembea kichwa chini. Halafu anataka kurudi kwabo."

Nikimpa ya nchi isiyo na barabara, anarudisha. "Hapana, Mama. Huyu alizaliwa kule kule. Miye nataka ule anayetoka kwetu."

Mnaona tofauti? Katika hadithi ya mlango, mtu ana nyumbani. Anaweza kupata ufalme huko, akapewa taji, lakini usiku anakumbuka harufu ya jiko la mama yake. Dereva yule mji wake ulikuwa umeshapitiwa na vita na hakuwa na wa kumrudia, kwa hiyo nilijua anachotafuta. Sikuipata kanda ile. Kila kanda mpya ilipoingia niliitazama kwanza mimi, kwa ajili yake, mpaka akaacha kupita njia yetu. Hata sasa nikiona kisima kwenye jalada la kitabu chenu, moyo unaruka, natamani nimpelekee salamu.

Basi tuje kwenye mambo ya zamani, maana hapo rafu yenu ndipo ilipooza kabisa.

Siku moja niliandika ubaoni, kwa chaki, maneno haya: LEO SINEMA YA ZAMANI. Niliona kofia ndefu, magauni mapana, taa za mafuta, nikajua ni zamani. Wakaja wazee. Sijui nani aliwaambia, lakini walikuja na makoti yao ya kanisani na fimbo zao, wakakaa mbele, wakitaka kuona dunia ilivyokuwa walipokuwa wadogo. Filamu ikaanza vizuri. Kisha kutoka mawinguni ikashuka meli nzima ya chuma, imening'inia kwenye puto, inatoa moshi wa makaa, magurudumu ya shaba yanazunguka pande zote, na mwanamke aliyevaa miwani mikubwa yuko usukani.

Mzee mmoja akasimama mbele ya televisheni. "Simamisha hii kitu!"

Nikasimamisha.

"Mimi nauliza," akasema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira ya kweli. "Kama wazungu walikuwa na gari ya kuruka namna hii, mbona babu yangu alibeba sanduku yao kwa kichwa? Mpaka shingo yake iliingia ndani? Kwa nini?"

Sajini akaweka kipaza sauti chini. "Mzee, samahani. Hii iko zamani ya kutunga."

"Zamani inatungwa namna gani? Zamani iko imeisha!"

Walibishana mpaka petroli ya jenereta ikaisha. Sajini akisema mtu anaweza kutunga jana kama anavyotunga kesho, mzee akisema huo ni wizi, kumpa mtu shangazi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilidhani sitawaona tena wale wazee. Juma lililofuata walirudi, na wengine zaidi, wanataka kuona gari ya kuruka inafika wapi. Yule mzee alikaa mbele kabisa. Meli ilipoanguka baharini alipiga makofi, akasema, "Vizuri. Wabebe sasa sanduku yao wenyewe."

Tangu siku hiyo tulikuwa na kitambaa cha peke yake, cheusi chenye nukta za manjano, cha zamani ya kutunga. Na humo ndani nikatenganisha tena, maana zilikuja nyingi. Kipimo kilikuwa chepesi, nacho ni cha makanika zaidi kuliko cha mwalimu: uliza injini inakula nini. Ikila maji na makaa, watu wamevaa kofia ndefu na kila kitu ni shaba na gurudumu, hiyo ni ya mvuke. Ikila dizeli, makoti ni ya ngozi, ndege zina mapanga yanayozunguka puani na kila ukuta una bango la kiongozi anayekunja uso, hiyo ni ya dizeli, na mara nyingi kuna vita inakuja au haikuisha. Ikila nguvu ya atomu, nyumba zinang'aa, baba anaruka kwenda kazini na roboti anapika mayai, hiyo Sajini aliiita kesho ya jana: ni kesho waliyoiota babu zetu, nayo haikufika. Msiichanganye na filamu inayozungumzia kesho ya kweli. Kesho ya jana ina huzuni yake, hata pale inapochekesha, kwa sababu sisi tunajua mayai tunapika wenyewe mpaka leo.

Nyingine haina mashine ya ajabu hata moja. Ni historia tu, lakini imekata kona mahali: vita ile ameshinda mwingine, mfalme yule hakufa. Hiyo haina injini ya kuuliza. Uliza kona iko wapi. Ukiikosa kona, labda ni historia ya kweli, basi iweke kwa walimu.

Na hivi karibuni mmenionyesha kitabu cha mji wenye taa za waridi, kompyuta zenye matumbo, na vijana wanaokimbizana kwa ajili ya kanda. Mkaniambia, "Bibi, hii ni dunia ya kale ya kubuni." Dunia ya kale! Kanda niliyokuwa naipuliza vumbi kwa mdomo wangu, naizungusha kwa kalamu ikilegea! Kwenu hiyo ni njozi, kwangu ilikuwa kazini. Nilicheka mpaka nikatoa chozi, na chozi lenyewe si lote lilikuwa la kicheko.

Mtasema bibi anapenda kutenganisha tu, kama mama anayechambua maharage. Basi niwaeleze kwa nini. Hii ndiyo sababu hasa nimekubali kuandika.

Tulihamia Koboko, Sajini na mimi, kwa kuwa Arua vibanda vilikuwa vimezidi. Koboko kulikuwa na Wakakwa wenyewe, Walugbara kama mimi, wafanyabiashara kutoka Congo, na watu wengi waliokimbia vita Sudan Kusini. Kiswahili kilikuwa cha kila mtu na hakikuwa cha mtu yeyote, kwa hiyo Sajini alistawi. Kibanda chetu kilikuwa karibu na soko, na nyuma ya kinu cha kusagia unga alikuwa anauza Mama Keji, mama mmoja aliyekuja kutoka ng'ambo ya mpaka na kijukuu chake. Alikuwa anauza bamia kavu, ufuta, magadi, na mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya tumbo. Maneno yake machache, mkono wake mkubwa, akikupimia ufuta anaongeza. Sajini alikuwa na vidonda vya tumbo tangu jeshini, na mizizi ya Mama Keji ndiyo iliyokuwa inamlaza.

Sasa Sajini alikuwa na mtindo wake, na kusema kweli watafsiri wote walikuwa nao. Ili filamu ikolee, aliwahamishia watu wake hapa kwetu. Mfalme anaishi mlima wa Arua. Joka limelala barabarani Vurra, malori yamepanga foleni. Jeshi la mifupa limeonekana Inde siku ya soko, linauliza bei ya mbuzi. Watu walikuwa wanaanguka chini kwa kicheko. Mimi nilikuwa namwambia, Sajini, hii ni samawati, nchi isiyo na barabara, wewe unaijengea barabara kwa mdomo. Ananiambia, "Stokipa, kaa kwa stoo."

Ikaja filamu ya samawati safi. Mlima, msitu unaosema, na mwanamke mzee aliyeishi chini ya jiwe na mizizi imening'inia darini, anapika kitu kwenye chungu cheusi, na anayekunywa anakauka kama jani. Sajini akamtazama yule mwanamke, kichekesho kikamjia, akakitoa. Akasema kwenye kipaza sauti, "Huyu mama munajua yeye. Iko pale nyuma ya kinu. Anauza mizizi."

Watu walicheka sana siku ile. Hata mimi midomo ilinicheza.

Mwenye kinu alikuwa mwanamke, tulimwita Mama Kinu. Siku chache baadaye mtoto wake mdogo aliugua, homa na kuhara, na mtoto huyo alikuwa amewahi kupewa ufuta na Mama Keji kama watoto wote wa pale. Mama Kinu hakusema kitu kikubwa. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, akimsagia mtu mihogo, "Na ile siku Sajini alisema." Basi. Ninyi ni wa huku, mnajua neno la sumu likishatajwa halihitaji miguu. Wateja wakaanza kupita mbali na meza ya Mama Keji. Kijukuu chake kikawa kinacheza peke yake. Mtoto wa Mama Kinu akapona, zahanati ikasema ni malaria na maji machafu, lakini hakuna aliyerudi kununua. Kisha vijana fulani wakamwambia Mama Keji ni vizuri aende kwao.

Kwao wapi? Alikuwa ametoka huko akikanyaga majivu. Kama Koboko ilimkataa, hapakuwa na mahali pengine, na kila mtu alijua hivyo, na bado walimkwepa.

Sajini akaenda kwake. Mimi nilikuwa nyuma. Alivua kofia.

"Mama, mimi niliharibu. Ile ilikuwa mchezo."

Mama Keji alikuwa anakunja magunia yake, bila kutuangalia. "Wewe kula dawa yangu kila siku," akasema. "Wewe hapana kufa. Kwa nini hapana sema hiyo kwa ile kitu yako ya kusema?"

Sajini hakulala vizuri. Akamfuata mwenyekiti wa mtaa, akaomba filamu ile ionyeshwe tena, mchana, bila kiingilio, kila mtu aje. Mwenyekiti akakubali, akasema naye atakuwepo. Mimi nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HADITHI YA KUTUNGA. NCHI HII HAIPO. Nikabandika samawati mpaka mlangoni. Niliamini ubao wangu. Nilidhani watu wakijua hadithi ni ya aina gani, mambo yatanyooka.

Walijaa. Mama Kinu alikuja na mtoto wake, wakakaa karibu na mlango. Mama Keji alikuja pia, na sufuria kubwa iliyofunikwa, akakaa mbele peke yake, na benchi lote likabaki tupu. Sajini akatafsiri safari hii kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kumsikia. Kila mji akautaja kwa jina lake la huko. Alipofika kwa mwanamke wa chini ya jiwe, akasema, "Hii mama hapana iko Koboko. Hapana iko Sudan. Hapana iko Arua. Iko kwa kichwa ya mutu alitunga hadithi. Ile siku mimi nilisema uongo, na mulicheka, na mimi nilifurahi mulicheka. Sasa nasema mbele ya mwenyekiti: uongo."

Hakuna aliyebisha. Wengine waliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Lakini filamu ilipoisha na mikeka ikaondolewa madirishani, niliona macho yao. Walikuwa wamekubali kwa kichwa, na benchi lilikuwa bado tupu. Wajukuu zangu, hapo ndipo nilipojua mpaka wa kazi yangu. Kitambaa kinamsaidia mtu kabla hajaingia. Akishaingia na kitu kikamkaa rohoni, huwezi kukibandua kwa ubao.

Mama Keji akafunua sufuria. Ulikuwa uji wa mtama, wenye ukwaju. Akachota kwenye kibuyu, akasimama, akamwendea Sajini.

Mnajua desturi, lakini niiandike kwa ajili ya atakayesoma na hajui. Kwetu anayekupa cha kunywa anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, uone hamna sumu, ndipo anakupa. Hata dada kwa kaka yake, hata mke kwa mume. Hakuna anayeona ubaya, ni adabu tu. Mama Keji alikipandisha kibuyu mdomoni ili aonje, na watu wote wakanyoosha shingo kumtazama kama anameza.

Sajini akaushika mkono wake.

"Mama, hapana onja."

Akakichukua kibuyu kabla hakijagusa mdomo wake, akanywa. Alikunywa chote, taratibu, koo lake linaonekana, akafuta mdomo, akakirudisha kwa mikono miwili. Mwenyekiti akaondoka alipokuwa, akaenda kukaa kwenye lile benchi, akanyoosha mkono. Mama Keji alisita, akachota, akakiinua tena kuonja, kwa mazoea. Mwenyekiti akatikisa kichwa. Naye akanywa hivyo hivyo.

Mimi nilikunywa wa tatu, na machozi yalikuwa yananitoka, sioni haya kusema.

Kisha Mama Kinu akatoka mlangoni. Alikuja polepole, mtoto amemshika gauni. Akasimama mbele ya sufuria, akachungulia ndani.

"Iko na sukari?" Mama Kinu akauliza.

"Sukari iko bei," Mama Keji akasema. "Kunywa hivyo."

Akapewa kibuyu. Hakungoja kionjwe. Akapiga funda moja, ukwaju ukamkunja uso, watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Akainama, akampa mtoto wake.